Bima ya Gari Ikikaribia Kuisha: Uliza Kabla ya Kulipa

Wenye magari wa Bagara, na Babati kwa jumla, wana swali moja ambalo halikauki: "Huu ni mwaka wa nne niko kampuni ileile, sijawahi kudai hata kioo, gari nalo linazidi kuchakaa. Mbona bima haishuki?" Wengine huliuliza kwa uchungu zaidi: jirani aliyejiunga juzi, gari lake na langu ni pacha, mbona yeye kalipa pungufu?

Jibu fupi ni kwamba haishuki kwa sababu hakuna aliyeomba ishuke. Karatasi ya kuhuisha bima hutoka kwenye kompyuta ikiwa na tarakimu za mwaka uliopita, wakala anaipiga picha na kukutumia WhatsApp, nawe unalipa usiku ili asubuhi trafiki wa njia ya Singida asikusumbue. Kati ya watu wote hao hakuna aliyelitazama gari lako upya.

Uingereza walikuwa na ugonjwa wa jamii hii, ila wao ulikuwa umepangwa. Kampuni zilimvuta mteja mpya kwa bei ya chini, halafu zikampandishia kidogo kidogo kila anapohuisha, zikijua wengi hawahami. Mamlaka yao ya huduma za fedha ilichunguza bima za magari na za nyumba ikakuta kwamba mwaka 2018 wateja milioni 6 walitozwa kupita kiasi, jumla yake kama pauni bilioni 1.2. Kuanzia tarehe 1 Januari 2022 ni marufuku kule kumtoza mteja wa zamani zaidi ya ambacho angelipa kama angekuja leo akiwa mgeni.

Kwetu mchezo huo hauna nafasi kubwa, kwa kuwa viwango vya chini vya bima za magari vinasimamiwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Mteja mzoefu wa Tanzania hapandishiwi kwa hila. Anasahauliwa tu: bei yake inabaki palepale wakati gari lake limeshuka thamani, na punguzo ambalo angepewa kama angefungua mdomo linabaki kwa kampuni.

## Kwanza, una bima ipi?

Usipoteze muda kubishania bei isiyobishaniwa.

Bima ndogo, ile ya kumlinda mtu wa tatu, ndiyo anayolazimishwa kila mwenye chombo cha moto na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Kwa gari dogo la binafsi ada yake ni shilingi 100,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 118,000. Hapa hakuna cha mteja wa zamani wala mpya. Akitokea mtu stendi anakuuzia kwa 80,000 usishukuru, kimbia: atakachokupa hakimo kwenye mfumo wa TIRA.

Bima kubwa ndiyo yenye mazungumzo, kwani ada yake ni asilimia ya thamani ya gari. Kwa gari la binafsi kiwango cha chini kilichozoeleka sokoni ni asilimia 3.5, kabla ya VAT. Magari ya biashara, ya mizigo na ya abiria yana viwango vyake, vilivyo juu zaidi.

Makala haya yanahusu zaidi bima kubwa. Wa bima ndogo, rukeni hadi kwenye makosa ya kawaida, yapo yanayowahusu.

## Isome karatasi, usisome jumla peke yake

Macho ya wengi huangukia tarakimu ya chini kabisa: jumla ya kulipa. Anza juu.

- Thamani ya gari. Ilinganishe na ya mwaka jana. Zikiwa sawa hadi sifuri ya mwisho, umeshapata hoja ya kwanza.
- Asilimia. Ni 3.5, 4, au zaidi? Ikiwa juu ya kiwango cha chini, uliza sababu.
- Nyongeza. Kioo cha mbele, redio, vurugu za kisiasa, gari mbadala. Nyingine ziliingizwa siku ya kwanza na hukumbuki kuziomba.
- Eksesi, yaani kiasi unachobeba mwenyewe kwa kila dai.
- Matumizi. Binafsi au biashara.
- Jina la mmiliki na namba ya usajili. Herufi moja ikikosewa, siku ya dai utazungushwa mpaka uchoke.
- VAT, kisha jumla.

Kama ulichotumiwa ni ujumbe wa mstari mmoja, "bima yako ni 826,000, lipa namba hii", hiyo si karatasi. Omba mchanganuo.

## Thamani ya gari: hapa ndipo hela ilipo

Tuchukue mfano. Gari lako liliwekewa bima kwa thamani ya milioni 20. Asilimia 3.5 ya hapo ni 700,000, VAT ni 126,000, jumla 826,000. Mwaka unaofuata soko linalithamini kwa milioni 17. Ada inayostahili ni 595,000, VAT 107,100, jumla 702,100. Ukilipa ile ya zamani umetoa 123,900 za bure. Hiyo inatosha kulipia bima ndogo ya gari jingine na chenji ikabaki.

Utauliza: si nikipata ajali kubwa nitalipwa milioni 20 nilizokatia? Hapana, na kutolijua hili kumewaliza wengi. Gari likiharibika lisifae tena, kampuni inamtuma mtathmini, naye anaangalia gari lilikuwa na thamani gani sokoni siku ya ajali. Unalipwa thamani hiyo, isiyozidi kile ulichokatia. Ukikata milioni 20 kwa gari la milioni 17, utapewa milioni 17 ukitoa eksesi. Ada ya zile tatu za juu haina kazi.

Namna ya kupata thamani ya haki ukiwa hapahapa Babati:

1. Waulize madalali wa magari wawili au watatu, na angalau mmoja awe wa Arusha kwa sababu soko la kule ni pana. Waambie mwaka wa gari, kilomita na hali yake. Swali liwe "linauzika bei gani?", maana ukiuliza "linanunuliwa bei gani?" utapewa bei ya kukukomoa.
2. Tazama matangazo ya magari ya aina yako, mwaka uleule. Punguza kidogo, maana bei ya tangazo ni ya kuanzia maongezi.
3. Piga picha nne za nje, moja ya ndani na moja ya dashibodi ikionyesha kilomita. Mtumie wakala.
4. Tofauti ikiwa kubwa, omba kampuni ilikague gari. Ukaguzi wao ndio utakaokulinda siku ya dai.

Tahadhari: thamani haishuki kila mwaka. Shilingi ilipoteremka dhidi ya dola mwaka 2023 na 2024, magari yaliyotumika kutoka Japani yalipanda bei, na yaliyokwisha kuingia nchini yakapanda nayo. Mwenye IST au Noah aliyenunua kabla ya hapo anaweza kukuta gari lake, kwa shilingi, bado lina bei ileile au zaidi. Ndiyo maana nasema uliza soko, usikate asilimia 10 kichwani kwa mazoea.

## Usishushe ukapitiliza

Kuna wajanja waliosikia ushauri huu nusu. Gari la milioni 20 wanaliandikisha kwa milioni 12 ili ada iwe nyepesi. Kwenye ajali ndogo kampuni inatumia kanuni ya wastani: kwa kuwa umelipia sehemu tatu katika tano za gari, nayo inabeba sehemu tatu katika tano za hasara. Matengenezo ya milioni 5 yanageuka fidia ya milioni 3, kisha eksesi inatolewa humo humo. Milioni 2 na zaidi unazitafuta mwenyewe, na fundi bodi hakusubiri.

Andika thamani ya kweli. Hakuna faida upande wowote wa uongo.

## "Sijadai miaka yote hiyo. Sistahili kitu?"

Unastahili kuuliza, na ni swali la maana. Kampuni nyingi huwa na punguzo kwa mteja asiyedai, ila halijitokezi lenyewe. Mwambie wakala wazi: "Sina dai tangu nijiunge. Nionyeshe punguzo la kutodai limekaa mstari upi."

Huenda akakujibu kwamba tayari uko kwenye kiwango cha chini na hawezi kushuka zaidi. Jibu hilo mara nyingi ni la kweli, wala usimwone mwongo. Hapo badilisha ombi. Kama bei haishuki, ubora upande:

- eksesi ipunguzwe;
- kioo cha mbele kiingizwe bila kulipia pembeni;
- gharama ya kuvuta gari iongezwe. Kwa mtu anayeishi Babati hii ni muhimu kuliko anavyodhani: gari likikufia katikati ya Kondoa na Babati usiku, gari la kuvuta halitakuja kwa bei ya urafiki;
- kikomo cha fidia kwa mali ya mtu wa tatu kiongezwe.

Kisha pima kabla ya kudai vitu vidogo. Ukikwangua bampa, matengenezo yakawa 300,000 na eksesi yako ni 250,000, utaambulia 50,000 huku rekodi yako ikichafuka. Lipa mwenyewe, ulinde historia.

## Eksesi, mstari ambao hausomwi

Ada ndogo mara nyingi imenunuliwa kwa eksesi kubwa. Tuseme mkataba unasema eksesi ni asilimia 10 ya dai, isipungue 500,000. Ajali ya matengenezo ya milioni 1.2: asilimia 10 ni 120,000, lakini kima cha chini ni 500,000, basi kampuni inatoa 700,000. Mwenzako aliyelipa ada zaidi kidogo, kima chake cha chini kikiwa 250,000, anapata 950,000.

Ukilinganisha bei za kampuni mbili bila kuangalia eksesi zao hujalinganisha chochote. Na usisahau eksesi ya dereva kijana au mwenye leseni changa. Kampuni nyingine huiongeza juu ya ile ya kawaida. Kama kijana wa nyumbani ndiye anayeendesha siku za mnada, sema.

## Matumizi: hapa Babati tunajiponza wenyewe

Hili nitalisema bila kuzunguka. Kuna Noah na Probox nyingi zilizokatiwa bima ya binafsi zinazobeba abiria wa Magugu, Galapo na Dareda kila uchao. Kuna pikapu za "matumizi ya nyumbani" zinazoshusha mahindi na mbaazi msimu mzima. Mwenye gari anaokoa tofauti ya ada, na miaka miwili mitatu hakuna kinachotokea.

Siku kikitokea, mtathmini hahitaji kuwa mpelelezi. Anasoma ripoti ya polisi: abiria sita, kila mmoja alilipa nauli. Dai la gari lako linakataliwa, kwa haki kabisa, na familia za waliojeruhiwa zinakugeukia wewe.

Wakati wa kuhuisha ndio wakati mzuri wa kusahihisha, kwa kuwa mkataba mpya unaanza na hakuna anayekuuliza ya jana. Mwambie wakala gari linafanya kazi gani kweli. Ada itapanda. Ilipe.

Mkiwa madereva kadhaa wa njia moja, nendeni pamoja. Mtu mwenye gari moja anaomba. Kundi lenye magari kumi linajadiliana.

## Tope, mafuriko na pundamilia

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki, na mali zilizozama hazina idadi. Toka siku ile mwenye gari wa Manyara hana udhuru wa kutouliza swali hili: "Mafuriko na maporomoko yamo kwenye bima yangu?"

Bima ndogo haitengenezi gari lako kwa hali yoyote. Bima kubwa hulipa majanga ya asili pale yalipoandikwa kuwa yamo. Mikataba mingine inayatoa, mingine inayaingiza kwa nyongeza ndogo. Neno la mdomo halitoshi. Omba uonyeshwe ukurasa.

La pili ni wanyama. Barabara ya kwenda Arusha inapita Kwakuchinja, mapito ya wanyama kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, na nyumbu na pundamilia hawasomi vibao. Kumgonga mnyama ni ajali kama ajali nyingine kwa mwenye bima kubwa, mradi uripoti polisi siku ileile na usiliondoe gari kabla ya kupigwa picha. Wa bima ndogo atajitengenezea mwenyewe.

Na anayevuka Namanga kwenda Kenya aulizie kadi ya njano ya COMESA anapohuisha. Stika yetu peke yake haikusaidii ng'ambo.

## Ratiba ya mwezi mmoja

Wiki nne kabla: tafuta hati ya mwaka jana, andika tarehe ya mwisho ukutani au kwenye simu. Uliza thamani ya gari sokoni.

Wiki tatu kabla: omba bei kwa kampuni yako na kwa nyingine mbili. Shirika la Bima la Taifa, NIC, ni mojawapo ya kuanzia. Benki nazo siku hizi ni mawakala wa kampuni za bima, na Babati matawi yapo. Wape wote taarifa zilezile, la sivyo utalinganisha embe na nanasi.

Wiki mbili kabla: rudi kwa wakala wako ukiwa na bei zote. Mpe nafasi ya kwanza ya kurekebisha. Adabu hiyo inalipa.

Wiki moja kabla: lipa, pokea stakabadhi na hati, hakiki kwenye mfumo.

Usingoje siku ya mwisho. Bima haianzi mpaka ada ilipwe, na hairudishwi nyuma. Ukilipa Jumatatu kwa bima iliyoisha Ijumaa, ajali ya Jumamosi ni yako.

Kwa wale ambao bima zao huisha Januari, mwezi wa ada za shule: ombeni tarehe ihamishwe. Unaweza kukata bima ya muda mfupi ya miezi michache, halafu mwaka mzima uanze baada ya mavuno, hela ya mahindi ikiwa mkononi. Bima ya muda mfupi ina gharama ya juu kidogo ukiigawa kwa miezi, ila utailipa mara moja tu.

## Ujumbe wa kumtumia wakala

Wengi wananiambia hawajui waanzie wapi. Nakili huu, badilisha yako:

*"Habari za kazi. Bima ya gari langu, namba T…, inaisha tarehe… Naomba bei ya kuhuisha ikionyesha thamani ya gari, asilimia, nyongeza moja moja, eksesi na VAT. Kwa soko la sasa gari ni kama milioni…, nimeambatanisha picha. Sijadai tangu nilipojiunga. Naomba punguzo langu lionekane. Naomba pia kujua kama mafuriko yamo. Nitalipa kabla ya tarehe… Asante."*

Ni ujumbe wa heshima, hauna vitisho, na una kila kinachomzuia mtu kukujibu "ni ileile ya mwaka jana".

## "Lakini…"

"Wakala wangu ni shemeji. Nitamuulizaje bei?" Muulize kama ambavyo ungemuuliza fundi au daktari ambaye ni ndugu. Kamisheni yake inatoka kwenye kampuni, kutokana na ada unayolipa. Ukihama anakosa yote, ukibaki kwa ada iliyorekebishwa anapungukiwa kidogo. Shemeji mwenye akili atakutafutia bei mwenyewe. Ikiwa ataona umemdharau kwa kuuliza, basi amekuwa akikuhudumia kama shemeji, si kama wakala.

"Kampuni zote si moja tu?" Zilikuwa moja kweli. Kuanzia 1967 hadi Sheria ya Bima ya 1996 ilipofungua soko, Bara kulikuwa na NIC pekee, na wazee wetu hawakuwa na cha kulinganisha. Nadhani mazoea ya kulipa bila kuuliza tulirithi hapo. Leo kampuni ni nyingi, na hata zikifanana asilimia zinatofautiana kwenye eksesi, gereji zinazozikubali na kasi ya kulipa.

"Nikihama nitapoteza historia yangu." Hutapoteza ukiomba barua. Kampuni yako iandike kwamba ulikuwa mteja tangu mwaka fulani na madai yako ni haya au hayapo. Ichukue hata kama huhami.

"Gari limezeeka, si nibaki na bima ndogo tu?" Inawezekana. Jiulize: likipotea kesho, naweza kununua jingine bila kukopa, au kuishi bila gari? Ukijibu ndiyo, bima ndogo inatosha na tofauti uiweke akiba. Ukijibu hapana, hasa kama gari ndilo linalokulisha, baki na bima kubwa hata kama linapiga kelele.

"Bei ya chini kabisa si ndiyo bora?" Waulize mafundi bodi wa mjini ni kampuni gani huwalipa kwa wakati na ipi huwaacha na magari uani miezi. Wao wanajua kuliko tangazo lolote.

## Kama gari lina mkopo

Watumishi wengi wa makao makuu ya mkoa wananunua magari kwa mkopo, na benki inataka bima kubwa hadi deni liishe. Mara nyingi benki huhuisha yenyewe na kukata kwenye akaunti. Una haki ya kujua wanakatia thamani gani. Nenda tawini mwezi mmoja kabla, omba mchanganuo uleule, omba thamani ipitiwe upya. Ukitaka kampuni nyingine, uliza kwanza kama benki inaikubali. Deni likiisha, hakikisha jina la benki limeondolewa kwenye hati ya bima. Nimewaona waliomaliza deni zamani na fidia ikaandikwa kwenda benki.

## Makosa ya kawaida, ya bima kubwa na ndogo

- Kulipa kwenye simu binafsi ya mtu. Lipa kwa kampuni au namba rasmi ya malipo, upate stakabadhi.
- Kutokuhakiki stika. Stika siku hizi ni za kielektroniki. Ingia tiramis.tira.go.tz, weka namba ya gari au ya stika, uone jina la kampuni, aina ya bima na tarehe. Ni kazi ya dakika mbili. Ukikuta bima ndogo wakati ulilipia kubwa, rudi siku hiyohiyo.
- Kununua gari na kuamini umenunua na bima yake. Bima iko kwa jina la aliyekuuzia. Hamisha umiliki TRA, kisha ikatie kwa jina lako.
- Kuficha ajali za zamani. Bima inasimama juu ya kusema kweli. Kampuni ikizigundua baadaye, mkataba wote unavunjika.
- Kufunga mtungi wa gesi, kubadili injini au rangi bila kuijulisha kampuni.
- Kuitupa hati ya zamani. Iweke miaka kadhaa. Dai la mtu wa tatu linaweza kuja muda mrefu baada ya ajali.

## Wakikugomea

Andika barua kwa kampuni, si simu. Eleza hoja moja kwa moja, ambatanisha karatasi, omba jibu la maandishi, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya au wakikujibu ovyo, peleka malalamiko TIRA. Ofisi ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Kwa mgogoro wa fidia ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009, na mlalamikaji halipii. Huhitaji wakili kufika huko. Unahitaji karatasi.

Basi itoe hati yako kwenye droo au kabati la gari, utazame mambo mawili: tarehe ya mwisho na thamani iliyoandikwa. Kama thamani ni ileile ya mwaka uliponunua gari, mpigie wakala wako kabla yeye hajakupigia.